Shayiri ya Wafula

Binti yake Wafula aliniandikia ujumbe Jumanne asubuhi, mistari miwili tu: baba ametangulia, na familia inaomba mtu aliyeishi naye Saudia aandike maneno machache ya kusomwa siku ya mazishi. Niliusoma nikiwa dukani kwangu Tanga, nikafunga duka kabla ya adhuhuri, nikarudi nyumbani kuandika. Nilikusudia ukurasa mmoja. Zikatoka kurasa kumi na mbili. Yule binti alinijibu kwa upole kwamba mchungaji amewapa dakika tano, kwa hiyo wamechagua aya mbili, zile zinazosema baba yao alikuwa mchapakazi na mcheshi. Sikumlaumu. Kweli alikuwa mchapakazi na mcheshi. Ila wachapakazi wacheshi nimekutana nao wengi, na mtu aliyefanya alichofanya Wafula mwaka ule nimemwona mmoja tu. Basi kurasa zilizobaki nimezikalia tena, nikazinyoosha kidogo, na nimeamua safari hii kutia ndani na lile jambo langu mimi, ambalo kwenye mazishi nisingethubutu kulitaja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa nyaraka za mizigo pale Bandari ya Jeddah. Wafula alikuwa amenizidi kwa miaka kumi na minne. Tulipanga pamoja ghorofa ya nne mtaa wa Hindawiyah, vyumba viwili na jiko lisilo na dirisha, na ngazi ya kupandia paani iliyokuwa imeinamia upande mmoja. Ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ilisema dereva, na dereva alikuwa kweli; kafili wake, yaani mdhamini aliyemleta kazini, Abu Hani, mfanyabiashara wa viungo wa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, hakumwamini mtu mwingine na gari lake. Lakini sisi tuliokula kwake Alhamisi jioni tulijua kwamba ile kazi ya usukani ilikuwa ni makaratasi tu. Walikuja walinzi wawili kutoka Nakuru, na fundi umeme mmoja wa Pemba aliyekuja na mkate wake mwenyewe kwapani, tukatandika plastiki sakafuni. Wafula hakuonja mchuzi kwa kijiko. Alidondosha tone nyuma ya kiganja, akalilamba, akafumba macho, na sote tukanyamaza kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Halafu alikuwa akisema, "Bado. Inakimbia. Haijakaa," na kuurudisha motoni. Mimi nilidhani ni mbwembwe. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye wakati ule, najua kwamba alikuwa akisikiliza.

Mambo yalianzia jikoni kwa Abu Hani. Mzee yule alikuwa na nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe huko Balad, yenye ngazi za mbao na madirisha ya nakshi, na kila Ijumaa baada ya alasiri ilijaa watu wa ajabu. Walikuwa Wasaudi, Wahindi, Wajordani, na Wazungu wachache, wahandisi na walimu na matabibu, waliounda kikundi cha kuishi, kwa saa chache, kama watu wa miaka elfu iliyopita. Walivaa majoho na vilemba vya enzi za makhalifa wa Baghdad, wakaandika kwa kalamu za mwanzi, wakapigana kwa panga za mbao uani, wakala chakula kilichopikwa kama vitabu vya zamani vinavyosema. Wenzao wengi zaidi walikuwa Riyadh, na mara moja kwa mwaka, wakati wa baridi, wote walikusanyika huko kwa karamu kubwa. Mpishi aliyewapendeza waamuzi alifungwa mkanda mweupe wa sufi kiunoni mbele ya watu, akakaa siku hiyo upande wa heshima. Ukimwambia mtu wa Hindawiyah habari hizi alicheka mpaka akohoe. Wafula hakucheka. Alikuwa akimngoja bosi wake jikoni, akawatazama wakipika kondoo wa siki, vitunguu na biringani, na walipompa sahani alilamba kiganja chake, akasema kwa Kiarabu chake cha barabarani, "Zeni, nzuri. Lakini kuna kitu mafi. Kuna kitu hapa hakipo."

Abu Hani akasema, "Umesema kweli. Hakipo kwa miaka mia saba."

Kilichokosekana kiliitwa murri. Ulikuwa mchuzi mweusi wa shayiri iliyooza, ambao wapishi wa kale walitia katika kila kitu kama sisi tunavyotia chumvi, halafu ukapotea. Watu wa kikundi waliweka sosi ya soya badala yake, wakaona haya kidogo, wakaendelea kula. Abu Hani alimpa Wafula karatasi tano za nakala ya kitabu cha kale, nusu kwa mzaha, na jioni hiyo Wafula akazitua mbele yangu juu ya meza ya plastiki, pembeni ya sufuria ya ugali.

"Ustadh, wewe ulisoma hii Kiarabu ya vitabu. Hebu niambie wanasema nini."

Nilisoma kwa shida, maana Kiarabu cha chuoni si Kiarabu cha jikoni. Unga wa shayiri ukandwe bila hamira wala chumvi, ufanywe madonge, yafungwe kwa majani ya mtini, yaachwe kivulini siku arobaini mpaka yaoze. Kisha yasagwe, yatiwe chumvi na maji, yaanikwe juani, yakorogwe asubuhi na jioni mpaka yawe meusi. Nilipofika kwenye kuoza nilikunja uso. Wafula aliweka tonge chini.

"Rudia hapo. Wanasema ioze namna gani? Nyeupe ama nyeusi?"

"Hawasemi."

"Sasa huyo aliyeandika alikuwa mpishi ama alikuwa karani kama wewe?" Akacheka, lakini macho yake yalikuwa mbali. "Shayiri kwetu si ya mambo hayo, sisi tuko na wimbi. Lakini nafaka ikianza kugeuka naijua. Inakuambia. Kuna harufu ya kusema endelea, na kuna harufu ya kusema nitupe."

Majani ya mtini yalitoka Taif, kwenye shamba la rafiki yake Abu Hani, yakaletwa ndani ya boksi la televisheni. Madonge ya kwanza tuliyaweka kwenye stoo ya jikoni. Unyevu wa Jeddah ukayamaliza. Siku ya tisa yalikuwa na manyoya meusi, na Wafula aliyanusa mara moja tu, akayafunga kwenye mfuko na kuyapeleka jalalani. Kesho yake akakanda mengine. Safari hii aliyapandisha paani, kwenye kibanda cha matangi ya maji, akatundika shuka lililolowana upande wa upepo, na kila alfajiri kabla ya kwenda kumpeleka bosi alipanda ngazi ile iliyoinama kuyageuza. Mimi niliandika kila kitu, kwa sababu sheria ya Riyadh ilikuwa moja na ilikuwa ngumu: hakuna mkanda bila maandishi. Mpishi alete waraka unaoeleza alichosoma, alichofanya, alipokosea na kwa nini. Nilinunua daftari, nikaandika siku kwa siku, nikaanza kuupenda ule waraka kuliko hata mchuzi wenyewe. Kazini nilijaza fomu za makontena ambazo hakuna mtu aliyezisoma mara mbili. Haya yalikuwa maandishi yanayongojewa na watu wenye elimu.

Siku ya ishirini na sita Wafula alisema halas, yameiva. Nikamwambia kitabu kinasema arobaini. "Kitabu hakilali hapa na sisi," alinijibu, akaanza kusaga. Tukatia chumvi na maji kwenye mtungi wa udongo, tukauweka juani. Na hapo ndipo harufu ilipoanza kushuka ngazi.

Wiki ya pili ya mtungi nilirudi kutoka bandarini saa kumi jioni, nikamkuta Wafula ameketi kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi ya jengo, mikono juu ya magoti, na askari wawili wamesimama juu yake. Jirani mmoja alikuwa amenusa, akamwambia mlinzi wa jengo, mlinzi akapiga simu. Mkristo wa Kenya, nafaka, mtungi, paani: mtu hahitaji kuelezwa zaidi. Kutengeneza pombe katika nchi ile ni jela, kisha ndege, na hurudi tena. Wafula alikuwa na watoto watatu shuleni. Aliponiona hakusimama. Alisema kwa Kiswahili, polepole, "Ustadh, nimewaambia si pombe. Hawanisikii. Waambie wewe."

Nikawaambia. Nilieleza habari za Baghdad, za kitabu, za karamu ya Riyadh, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia ninasema uongo. Askari mkubwa, mtu wa makamo mwenye macho ya usingizi, alitupandisha sote paani. Akafunua mtungi, akarudisha uso nyuma. Ndani kulikuwa na uji wa rangi ya kahawia, na juu yake kulikuwa na mapovu madogo.

"Hii inachemka," alisema.

"Inapumua tu," Wafula akajibu, nami nikatafsiri.

Ndipo Wafula alipochana kipande cha mkate, akachovya, akala. Akachana kingine, akachovya, akaninyooshea mimi. "Huyu ni Mwislamu," alimwambia askari kwa kile Kiarabu chake. "Huyu kila siku anasali. Haramu hali. Yeye atakula."

Nimeulizwa mara nyingi niliogopa nini Arabuni, na watu hutegemea nitaje kafili mkali au joto. Niliogopa kipande kile cha mkate. Maana ukweli ni kwamba sikujua. Wiki zote zile nilikuwa nimeandika daftari zima juu ya mtungi ule na sikuwahi kuonja hata tone, kwa sababu moyoni nami nilikuwa na wasiwasi uleule wa jirani. Nilimtazama Wafula. Hakuwa akinisihi. Alikuwa akinitazama kama anavyotazama sufuria, akingoja tu ijulikane. Nikasema bismillah, nikala. Kwanza ilikuwa chumvi, chumvi kali mpaka masikio yakanisisimka. Kisha ikaja ladha pana, ya nyama iliyochomwa na uyoga na mkate uliounguzwa, bila nyama wala uyoga, na hapakuwa na ukali wa kileo hata kidogo. Nadhani uso wangu ulisema kabla ya mdomo. Askari yule akachana mkate mwenyewe. Alitafuna muda mrefu akiangalia matangi ya maji.

"Bibi yangu huko Ahsa," alisema hatimaye, "alikuwa na chupa ya mchuzi wa samaki, aliuweka juani hivihivi. Nyumba nzima ikinuka. Sisi watoto tulikuwa tukigombania." Akafunika mtungi kwa adabu, kama mtu anayefunika chakula cha mwenzake. Abu Hani, aliyekuwa ameitwa, akatokea mlangoni akihema, kanzu imelowa jasho, tayari kuapa kwa ajili ya dereva wake, akakuta watu wanne wanakula mkate. Tuliambiwa tu tuuondoe mtungi jengoni kwa sababu ya majirani. Jioni hiyohiyo ukahamia Balad, juu ya paa la nyumba ya mzee, na hapo ukawa mweusi.

Karamu ilifanyika nje kidogo ya Riyadh, kwenye istiraha, yale mashamba ya mapumziko yenye ukuta ambayo watu hukodi kwa mwisho wa juma. Abu Hani alikwenda kwa ndege. Mimi na Wafula tulipita barabara, mtungi umefungwa blanketi na mkanda wa kiti cha nyuma. Kulikuwa na baridi ambayo sikujua Arabuni ipo. Wapishi kumi na mmoja walikuwa wamewasha moto uwanjani tangu alfajiri, na kilichonishangaza ni kwamba kila mmoja alipita kwenye moto wa Wafula kunusa, mmoja baada ya mwingine, akarudi kwenye moto wake. Wafula alipika kondoo wa siki yuleyule, safari hii na murri. Alidondosha tone kwenye kiganja, akafumba macho. "Imekaa," alisema.

Adhuhuri nikaitwa hemani kwa waamuzi. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Daktari Munira, mwalimu wa historia wa Riyadh, mwanamke mwembamba ambaye wapishi wa miaka mingi walimwogopa. Mbele yake kulikuwa na sahani yetu, imelambwa, na waraka wangu.

"Miaka kumi nangojea mtu afanye hivi," alisema. "Na maandishi yako ni safi. Mkanda huu ni wako, na sina la kujadili. Ila nina maswali mawili."

Alisema *wako*. Na hakukosea, kwa sababu juu ya ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko mzuri niliofanyia mazoezi, nilikuwa nimeandika "Imeandaliwa na" kisha jina langu, peke yake. Jina la Wafula lilikuwa ukurasa wa tatu, kama msaidizi wa kazi za jikoni. Nilipoandika nilijiambia kwamba waraka niliuandaa mimi, hivyo ni haki. Sasa nimesimama mbele ya mwanamke yule, nikasikia jinsi ilivyo tamu kusifiwa na mtu mwenye elimu, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa muda ambao hata leo najua urefu wake.

"Swali la kwanza," akasema. "Madonge ya kwanza ulijuaje kwamba yameharibika, na haya ya pili kwamba yanaoza vizuri? Kitabu hakisemi."

Ningeweza kusema harufu, lakini angeuliza harufu gani.

"Sijui," nikasema. "Anayejua yuko motoni. Mchuzi ni wake wote, mimi niliandika tu. Jina langu halikupaswa kuwa hapo juu."

Hakuna aliyenikemea. Wakamwita. Wafula aliingia hemani na majivu usoni, akifuta mikono kwenye joho la kuazima, na Daktari Munira akamuuliza yale yale. Alianza kwa Kiarabu chake, "Hii abyadhi, kuwais. Hii aswadi, mafi kuwais," yaani nyeupe ni nzuri na nyeusi si nzuri, na mwamuzi mmoja kijana akatabasamu kando. Daktari Munira hakutabasamu. Akamwambia aseme kwa lugha yake, na mimi nitafsiri. Basi Wafula akazungumza. Alieleza harufu ya siku ya tatu, ambayo ni ya unga uliolowa. Ya siku ya kumi, ya tufaha lililosahaulika. Ya siku ya ishirini, ya ngozi ya ng'ombe. Alieleza kwamba weupe mfupi kama vumbi ni rafiki, na manyoya marefu ni adui, na kwamba joto la donge linasikika mdomoni ukiligusisha kwenye mdomo wa chini, si mkononi, maana mkono wa dereva umekufa ganzi. Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Tulikuwa tumeishi pamoja mwaka mzima na nusu ya mambo yale sikuwahi kuyasikia, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza.

"Swali la pili," Daktari Munira akasema. "Kitabu kinasema siku arobaini. Wewe umetumia ishirini na sita."

"Mama," Wafula akajibu, "hicho kitabu hakijawahi kufika Jeddah."

Alicheka, yule mwanamke wa kuogopwa, akacheka mpaka akashika shavu. Jioni ile, kabla ya watu kula, aliita jina: Wafula, mtu wa Kenya, aliyeturudishia murri. Watu zaidi ya mia wakasimama. Na kwa kuwa haikufaa mwanamke yule amfunge mkanda mwanamume asiye ndugu yake, alimkabidhi Abu Hani. Mzee yule, kafili mwenye jina lake Balad, alipiga goti la taratibu kwenye zulia mbele ya dereva wake, akazungusha sufi nyeupe kiunoni mwake, akaifunga fundo mara mbili. Wafula alitazama mbele, taya limekaza.

Njiani kurudi tulisimama kwenye kituo cha mafuta, jangwa pande zote. Aliniomba nimsomee waraka, kwa kuwa hakuwahi kuusikia wote. Nikaanza juu kabisa, nikasoma na lile jina langu. Wafula akaendelea kunywa chai yake ya maziwa. Nikasoma mpaka ukurasa wa tatu, msaidizi wa kazi za jikoni, hapo nikaufunga waraka.

"Uliandika hivyo kabla ya kuonja ama baada?" aliuliza.

"Baada."

"Hiyo imeniuma, Ustadh. Sitakudanganya." Kisha akamwaga machicha ya chai chini. "Lakini mkate ulikula, na hukujua ni nini. Twende. Wewe uendeshe, mimi nimechoka." Hakulitaja tena, si siku ile wala miaka miwili tuliyoendelea kuishi pamoja, na urafiki wetu ulibaki pale pale, ila mimi nikawa na adabu zaidi ndani yake.

Mwezi uliofuata Daktari Munira alishuka Jeddah, kuandika jinsi murri inavyotengenezwa. Ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri. Abu Hani na mkewe walimpandisha mpaka paani pa nyumba yao ya Balad, akaketi juu ya kreti la matunda lililopinduliwa, akafungua daftari, akamwomba Wafula aanze na vipimo. Wafula alikuwa na donge jipya mkononi, la siku ya kumi, bado ndani ya jani lake. Akalifunua taratibu, akamsogezea.

"Mwambie Daktari aweke kalamu kwanza," aliniambia. "Anuse."

Nikatafsiri. Akaweka kalamu, akainama, akanusa.